Ndoo Namba Kumi na Saba

Kila Jumanne ya Februari
nafungua stoo saa kumi na mbili unusu,
Tartu ingali giza, theluji imegandia kizingitini,
nami navaa glavu mbili mbili, maana formalini
haijali umeitumikia miaka thelathini na moja.

Ubongo ni mzito kuliko unavyodhani
na mwepesi kuliko yaliyokuwemo.
Kilo moja na robo, kasoro gramu chache.
Ndivyo isemavyo mizani.
Mizani haijawahi kusoma udaktari.

Leo nimeteremsha ndoo namba kumi na saba.
Lebo haina jina, sheria inakataza:
mwanamke, miaka sabini na tisa, kiharusi,
alijitoa mwenyewe kwa chuo.
Mwandiko ni wangu. Niliandika polepole
kama aandikaye anwani ya barua
asiyotaka ifike.

Nilimjua.
Alifundisha chumba hiki hiki, kwenye meza hii ya chuma,
Profesa Helve Kuusik, mfupi, sauti ya msumari,
na somo la kwanza kila mwaka lilikuwa moja:
"Asiniambie mtu 'huu'. Semeni 'huyu'.
Mmepungukiwa herufi moja tu,
na ndani ya herufi hiyo aliishi mtu."
Mimi aliniita bwana visu.
Kila Krismasi aliniletea mkate mweusi
uliofungwa kwa karatasi za mitihani ya zamani,
nami nilikula nikisoma makosa ya watoto wa watu.

Kisha mshipa mwembamba kama uzi wa kushonea
ukaziba, usiku, hakuna aliyeusikia.
Lugha nne zikahama kwa mkupuo.
Likabaki neno moja: noh.
Noh ya karibuni. Noh ya chai imepoa.
Noh ya nendeni, nimechoka kutazamwa.
Tulikwenda wodini mimi na Merike, mwanafunzi wake wa mwisho,
aliyebeba daftari akiziorodhesha noh kwa toni na urefu.
Zilipofika ishirini na tatu
alilifunga daftari, akaanza kujibu.

Husemwa ulimi hauna mfupa.
Sawa. Lakini una kamba,
na kamba imefungwa juu kabisa, gizani,
mahali mwenye ulimi hapajui.

Saa mbili wanaingia, ishirini na wawili,
makoti meupe yenye mikunjo ya dukani.
Merike, daktari sasa, anafunua kitambaa.
Anasoma namba. Anaisoma tena.
Naiona shingo yake.
"Tazameni," anasema, "nusu ya kushoto, mbele:
gamba limenywea
kama tufaha lililosahauliwa ghalani hadi Machi.
Hapa ndipo sentensi hupangwa."
Kidole chake hakigusi. Kinaelea juu yake
kama kinachopima joto.

Joosep, yule wa mwisho wa safu,
ambaye mifuko yake imejaa mbegu za alizeti, anauliza:
"Sasa mtu kama huyo, bila lugha,
alikuwa na nini cha kuwaza?"

Kimya. Bomba la joto linagonga ukutani.
Merike anafungua mdomo, anaufunga.
"Noh," anasema.

Wakadhani anajikusanya.
Kalamu ishirini na mbili zikasubiri yatakayofuata.
Mimi nikageukia sinki, nikafungulia maji mpaka mwisho,
nikaosha kisu ambacho hakikuwa kimetumika.

Mchana, wote wameshatoka,
yule wa mbegu yuko bado mezani.
Amevaa glavu mbili mbili, sijui kaniona lini.
Anapitisha viganja chini ya ule uzito,
anauinua bila kupumua,
ananitazama.

"Nimrudishe wapi?"

Nikamwonyesha: rafu ya tatu,
upande wa dirisha.